Kuhesabu hadi kumi si kujua tatu

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi tisa siku alipotuhesabia kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Alisimama katikati ya sebule, akaficha mikono nyuma, akatiririka kuanzia moja hadi kumi bila kuruka hata namba moja, na watu wazima wote tukapiga makofi. Dada yangu, mama yake, alinitupia jicho la ushindi, kwa sababu wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwambia kwamba mtoto wa umri huo kwa kawaida bado hajazijua namba. Makofi yalipotulia nilimwita mtoto, nikamwaga vizibo vya chupa kumi na vitano sakafuni, nikamwambia, "Mpe mjomba vizibo vitatu." Akachota kwa viganja vyote viwili, akanimiminia mkononi. Nikamwomba avihesabu, akavihesabu vizuri kabisa huku akigusa kimoja kimoja, kuanzia moja hadi saba. Nikamwuliza, "Kwa hiyo hivi ni vitatu?" Akanijibu bila kusita, "Ndiyo, mjomba."

Kila mtu alicheka, nami nilicheka, lakini katika tukio hilo dogo mlikuwamo karibu kila swali ambalo limewashughulisha watafiti wa lugha na hesabu za watoto kwa zaidi ya miaka 40. Mtoto anayajua maneno, anaujua mpangilio wake, anajua kwamba kila kitu kiguswe mara moja tu na kupewa neno lake, na bado hajui kwamba neno la mwisho alilolitamka ndilo idadi ya vitu vyote alivyovigusa. Kwake "saba" lilikuwa jina la hatua ya mwisho ya mchezo, si habari kuhusu rundo lililokuwa mkononi mwangu.

Jaribio nililolifanya sikulibuni mimi. Mtafiti Karen Wynn, katika makala zake za mwaka 1990 na 1992, aliwaomba watoto wa miaka miwili na nusu hadi minne hivi wampe idadi fulani ya vitu kutoka kwenye rundo, na akaona kwamba hatua zao hufuata mpangilio ule ule kwa namna ya kushangaza. Kwanza mtoto hujua "moja" peke yake: akiombwa kimoja hutoa kimoja, akiombwa idadi nyingine yoyote huchota tu. Miezi kadhaa baadaye huwa mjuzi wa mbili, kisha mjuzi wa tatu, pengine na wa nne. Baada ya hapo hakuna mjuzi wa tano anayefuatiwa na mjuzi wa sita. Mtoto huvuka kwa mkupuo, na ghafla anaweza kutoa tano, saba au tisa, kwa kuwa amegundua kazi ya kuhesabu. Safari yote, tangu moja hadi mvuko huo, huchukua takriban mwaka mzima au zaidi, na katika kipindi hicho chote mtoto anaweza kuwa anakariri hadi kumi kila siku bila kukosea. Nilipoendelea na vizibo siku ile, mpwa wangu alinipa kimoja nilipoomba kimoja, na viwili nilipoomba viwili. Basi alikuwa mjuzi wa mbili, na hapakuwa na kosa lolote katika ukuaji wake.

Dada yangu hakuridhika. "Lakini si umemsikia akihesabu?" Nilimsikia, na hoja yake si ya mtu asiyejua. Mwaka 1978 Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliandika kwamba kanuni za kuhesabu humtangulia mtoto kuzijua namba zenyewe: kitu kimoja kwa neno moja, mpangilio usiobadilika, neno la mwisho kuwa ndiyo jumla, na kwamba chochote kinaweza kuhesabiwa na kuanzia popote. Kwa maoni yao, mtoto huja na mifupa ya hesabu, kisha lugha huivika nyama. Ni wazo lenye mvuto, na lilizaa tafiti nyingi, lakini naona matokeo ya Wynn yalilipiga mahali panapouma. Kama kanuni ya neno la mwisho mtoto angekuwa nayo tangu mwanzo, angehitaji mwaka mzima wa kupanda ngazi moja moja kwa sababu gani?

Hata hivyo mtoto haji mikono mitupu. Fei Xu na Elizabeth Spelke walionyesha mwaka 2000 kwamba watoto wa miezi sita hutofautisha picha zenye nukta 8 na zenye nukta 16, ingawa hushindwa kutofautisha 8 na 12. Kinachowasaidia ni uwiano, yaani kundi moja liwe maradufu ya jingine, na uwezo huo huzidi kunolewa kadiri umri unavyosonga. Kando ya hisia hiyo ya kukadiria kuna uwezo mwingine, wa kufuatilia vitu vichache kwa usahihi. Mwaka 2002 Lisa Feigenson, Susan Carey na Marc Hauser waliweka biskuti moja moja katika vyombo viwili mbele ya watoto wa miezi 10 na 12, kisha wakawaacha watambae. Palipokuwa na moja upande huu na mbili upande ule, watoto walikifuata chombo chenye nyingi, na vivyo hivyo kwa mbili dhidi ya tatu. Lakini palipokuwa na mbili dhidi ya nne walikwenda ovyo, kana kwamba hawakuona tofauti, ingawa kwa jicho la mtu mzima tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Kundi likishazidi vitu vitatu, uwezo huo huzidiwa na mzigo.

Wynn huyo huyo alidai mwaka 1992 kwamba watoto wa miezi mitano hushangaa wakionyeshwa mwanasesere mmoja akiongezewa wa pili nyuma ya pazia, kisha pazia likiondolewa aonekane mmoja tu. Jaribio hilo lilipata umaarufu mkubwa, lakini baadhi ya waliolirudia hawakupata matokeo yale yale, kwa hiyo mimi husita kulitumia kama ushahidi kwamba watoto wachanga "wanajumlisha". Mtoto anayetazama kwa muda mrefu tumeona anatazama. Sababu ya kutazama ni tafsiri yetu.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba katika uwezo wote wawili huo hakuna mahali panapokaa saba. Hisia ya kukadiria huona "wengi kiasi hiki" lakini haijali tofauti ya saba na nane, na ufuatiliaji wa vitu vichache huishia vitatu au vinne. Saba kamili, isiyo sita wala nane, inatoka wapi? Jibu ambalo Susan Carey amelitetea kwa muda mrefu ni kwamba inatoka katika lugha, yaani katika orodha ile ile ya maneno ambayo mtoto aliimba kwanza bila kuielewa. Mtoto hufunga "moja", "mbili" na "tatu" kwenye idadi anazoweza kuziona kwa jicho tu, kisha siku moja hugundua kwamba kusogea neno moja mbele katika orodha ni sawa na kuongeza kitu kimoja katika kundi. Wapo wasiokubaliana naye, lakini ushahidi kutoka kwa watu wazima unampa nguvu. Mwaka 2004 Pierre Pica na wenzake walieleza kwamba Wamundurukú wa Brazil, ambao lugha yao ina maneno ya idadi hadi tano hivi, hulinganisha makundi makubwa ya nukta vizuri kwa kukadiria, lakini hesabu kamili huwatoka idadi inapozidi nne au tano. Mwaka 2011 Elizabet Spaepen na wenzake walichapisha habari za viziwi wazima wa Nicaragua ambao hawakufundishwa lugha yoyote ya ishara, bali walijitungia ishara zao nyumbani. Watu hao waliishi katika jamii inayotumia namba na fedha kila siku, walionyesha idadi kwa vidole, lakini zaidi ya tatu vidole vyao havikulingana na idadi kila mara. Kukaa miongoni mwa watu wanaohesabu hakukutosha, kwa sababu orodha yenyewe hawakuwa nayo.

Na orodha hiyo nayo haiingii kichwani ikiwa imekatwakatwa vipande tayari. Sisi tunaoandika tunaona nafasi nyeupe kati ya neno na neno, ilhali sikio la mtoto linapokea mkondo mmoja wa sauti. Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport walionyesha mwaka 1996 kwamba watoto wa miezi minane, baada ya kusikiliza kwa dakika mbili tu silabi zisizo na maana zinazofuatana bila kituo, huweza kutambua silabi zipi hukaa pamoja kama neno na zipi zimekutana kwa bahati tu. Kwa mtoto huo ni ufundi mkubwa, lakini maneno ya kuhesabu yana ukaidi wake, kwani hufuatana kwa mpangilio ule ule kila siku, kwa hiyo hakuna kinachomdokezea mtoto wapi pa kukata. Karen Fuson, aliyechunguza kwa kina namna watoto wanavyojifunza orodha hiyo, alieleza kwamba mwanzoni huwa ni uzi mmoja usiokatika. Mpwa wangu alipokuwa na miaka miwili alikuwa na neno "sitasaba". Alilitamka kwa pumzi moja na kugusa kitu kimoja, kisha akaendelea na nane kama kawaida.

Hapo ndipo sarufi inapoingia, na hapo ndipo ninapotamani wenzangu wanaozungumza Kiswahili wafanye utafiti zaidi. Mwaka 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Kimarekani picha ya kiumbe wa kubuni, akawaambia jina lake, ambalo pia lilikuwa la kubuni, kisha akawaonyesha viumbe wawili na kuwaacha wamalizie sentensi. Watoto walitoa wingi sahihi wa neno ambalo hawakuwahi kulisikia, kwa hiyo hawakuwa wakikariri tu, bali walikuwa na kanuni. Mara nyingi jaribio hilo hutajwa kama habari ya sarufi, lakini tazama tena: mtoto alitakiwa aone kwamba mmoja amekuwa wawili. Umoja na wingi ni hesabu ya kwanza ambayo lugha humfundisha mtoto, tena bila mwalimu.

Ushahidi wa uhusiano huo umeongezeka. Barbara Sarnecka na wenzake walilinganisha mwaka 2007 watoto wanaojifunza Kiingereza na Kirusi, lugha ambazo kwa kawaida hazimruhusu mtu kutaja kitu bila kuonyesha umoja au wingi, na wanaojifunza Kijapani, ambacho hakina sharti hilo. Watoto wa Kijapani walichelewa kidogo kujua maana ya namba za kwanza. Mwaka 2013 Alhanouf Almoammer na wenzake wakaenda mbele zaidi, wakapima watoto wanaojifunza Kislovenia na Kiarabu cha Saudia, lugha zenye umbo maalumu la vitu viwili, na wakakuta kwamba umbo hilo la uwili huwasaidia kuijua "mbili" mapema, hata kama orodha ndefu ya namba hawajaimudu.

Sasa fikiria mtoto anayejifunza Kiswahili. Katika kukariri husikia moja, mbili, tatu. Katika mazungumzo husikia kizibo kimoja, vizibo viwili, watoto wawili, macho mawili, miti miwili. "Mbili" ya wimbo na "-wili" ya mazungumzo hata hazifanani vizuri, na mtoto lazima agundue kwamba ni neno moja lililovaa nguo tofauti kufuata ngeli. Halafu akifika sita na saba, maneno yaliyotoka Kiarabu, mavazi yanavuliwa: vizibo vitano, vizibo sita, vizibo saba, kisha vinane, kisha tisa. Mtu anaweza kusema kwamba upatanisho huo ni mzigo unaomchelewesha mtoto. Mtu mwingine anaweza kusema kwamba ni msaada mkubwa, kwa kuwa kiambishi kilichokaa kwenye namba humwambia mtoto waziwazi kwamba neno hili linahusu vizibo hivi, na si mdundo wa wimbo. Mimi naegemea upande wa pili, japo kwa hisia kuliko kwa takwimu. Nimemsikia mpwa wangu akisema "kipepeo kimoja" na kusahihishwa kila mara kuwa ni kipepeo mmoja, na kila mara nimefurahia kosa lake, kwa sababu anayesema hivyo ameishika kanuni ya ki- na vi- kwa nguvu kuliko sisi tunaomsahihisha.

Kuhusu wanaokua na lugha mbili, jambo ambalo wazazi huniuliza mara nyingi, kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa usafi wake. Katie Wagner na wenzake, mwaka 2015, waliwapima watoto wa lugha mbili katika kila lugha kivyake. Maana za moja, mbili na tatu mtoto hulazimika kujifunza upya katika kila lugha, lakini akishavuka na kuelewa kazi ya kuhesabu katika lugha moja, mara nyingi ufahamu huo humfuata hadi lugha ya pili. Maneno ni ya lugha, wazo ni la mtoto.

Dada yangu, baada ya kunisikiliza haya yote kwa subira kubwa kuliko niliyostahili, aliniuliza swali la maana: basi afanye nini? Nilijibu kwa tahadhari, kwa kuwa uwanja huu umeshawahi kuchomwa na takwimu zilizotangazwa kwa haraka. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walidai, kutokana na familia 42 tu, kwamba watoto wa familia maskini husikia maneno pungufu kwa milioni 30 kabla ya kutimiza miaka minne, na dai hilo likageuka kuwa fimbo ya kuwachapia wazazi, ilhali waliolichunguza baadaye wamelipinga kwa hoja nzito. Kwa namba, hata hivyo, kuna kazi makini zaidi. Susan Levine na wenzake waliwarekodi wazazi na watoto 44 nyumbani, kuanzia miezi 14 hadi 30, na mwaka 2010 wakaripoti kwamba wazazi waliotaja namba mara nyingi zaidi walikuwa na watoto walioelewa maana ya namba vizuri zaidi walipofika miezi 46. Mwaka uliofuata, Elizabeth Gunderson na Levine waliongeza kwamba lililosaidia hasa ni kuhesabu au kutaja idadi ya vitu vinavyoonekana pale pale, na hasa makundi ya vinne hadi kumi. Huo ni uhusiano, haujathibitisha chanzo. Lakini jaribio la Kelly Mix na wenzake la mwaka 2012 linaelekea upande huo huo: watoto walifaidika pale mtu mzima alipotaja jumla ya kundi na papo hapo akalihesabu, kuliko alipohesabu tu au kutaja jumla tu.

Nilimshauri dada yangu hilo moja. Asimzuie mtoto kuimba, ila akiona vijiko vinne aseme, "Vijiko vinne hivi: moja, mbili, tatu, nne. Vinne." Inachosha kusema hivyo, nakiri, na kwa mgeni aliye karibu inasikika kama kichekesho.

Lipo pia jambo ambalo nililazimika kujishauri mwenyewe. Jean Piaget alikuwa akipanga safu mbili za vitu vinavyolingana, anamwuliza mtoto kama ni sawa, kisha anaitanua safu moja na kuuliza tena, na watoto wadogo husema iliyotanuliwa ina vingi. Katikati ya miaka ya 1970 James McGarrigle na Margaret Donaldson walilirudia jaribio hilo, lakini safu ikavurugwa na mwanasesere mtundu badala ya mtafiti mwenyewe, na watoto wengi zaidi wakajibu sawasawa. Mtu mzima anapobadilisha kitu kwa makusudi kisha akarudia swali lile lile, mtoto huhisi kwamba anatakiwa abadili jibu. Anasikiliza nia ya anayeuliza, si maneno yake tu. Nilipomwuliza mpwa wangu, "Kwa hiyo hivi ni vitatu?" nilimtegea bila kukusudia, kwa kuwa mtoto aliyelelewa kuwaitikia wakubwa kwa heshima atasema ndiyo hata kama rundo linamwambia vingine. Siku hizi namwuliza, "Ni vingapi?" kisha nanyamaza.

Juzi tumerudia vizibo. Sasa ana miaka mitatu na miezi minane. Nilimwomba vitano, akavitoa kimoja kimoja huku akihesabu kwa sauti, kumbe kidole kilikwama na viwili vikatoka pamoja. Akatazama rundo, akahesabu upya, akafika sita, akanyamaza kidogo, kisha akachukua kimoja mkononi mwangu na kukirudisha sakafuni. "Hiki si chako, mjomba."

Baadaye alitaka kunionyesha kwamba anaweza kwenda mbali zaidi. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu zilikwenda bila shida, maana Kiswahili hapo kinasema wazi kilichomo. Alipofika kumi na tisa akasaidiwa na mama yake kusema ishirini, neno ambalo halina alama yoyote ya mbili ndani yake, akaendelea kwa kasi hadi ishirini na tisa, akavuta pumzi, akasema, "Ishirini na kumi." Dada yangu alifungua mdomo amsahihishe, nikamshika mkono. Mtoto alikuwa ameshafika ishirini na kumi na mbili.